Windows mbili ndani ya kompyuta moja: chomoa waya kabla ya kufuta

Swali: "Mimi ni mwalimu, niko Morogoro. Nina kompyuta ya mezani ya Dell OptiPlex niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ikiwa na diski ya GB 500 na Windows 10. Mwaka jana ilikuwa nzito mno, fundi akaniwekea SSD, ile diski ya kasi, ya GB 240 na kupiga Windows 10 nyingine humo. Ile ya zamani hakuigusa. Tangu hapo kila nikiwasha naletewa kioo cha bluu chenye 'Windows 10' mbili. Nisipochagua inaingia ile mpya. Kijana wangu wa kidato cha pili huingia ya zamani kwa sababu michezo yake iko huko. D: imejaa, na nikijaribu kufuta folda ya Windows iliyomo, nanyimwa ruhusa. Nataka ibaki Windows moja, na mitihani na picha zangu zisipotee. Nianzie wapi?"

Jibu: Mwalimu, shukuru kwamba ulinyimwa ruhusa. Kufuta folda ile kusingekuletea maafa makubwa, ila kungekupeleka hatua inayofuata, ambayo wengi huichukua kwa hasira: kuforomati diski nzima ya zamani. Hapo ndipo kompyuta inapozimwa jioni ikiwa nzima, na asubuhi inaandika kwamba haioni diski ya kuwakia, ingawa Windows mpya haijaguswa hata faili moja.

Sababu ni hii. Windows haijiwashi yenyewe. Kuna mafaili machache, yenye ukubwa wa megabaiti kadhaa tu, yanayosomwa kwanza kabisa, na hayo ndiyo yanayojua Windows iko wapi na ndiyo yanayokuletea ule mstari wa "Choose an operating system". Fundi anapopiga Windows kwenye SSD huku diski ya zamani ikiwa bado imechomekwa, programu ya kusakinisha hukuta mafaili ya kuwashia yapo tayari kwenye diski ya zamani, ikaongeza jina la pili kwenye orodha ileile na kuendelea na kazi. Haiandiki mengine kwenye SSD. Kwa hiyo unaweza kuwa umehamia nyumba mpya na ufunguo wake bado unaning'inia nyumba ya zamani. Mafundi wenye subira huchomoa diski ya zamani kabla ya kupiga Windows kwenye mpya. Wako pengine hakufanya hivyo, na ile orodha ya Windows mbili ndiyo dalili ya kwanza.

Kabla hujagusa chochote, zipe diski zako majina. Fungua "This PC", bonyeza kulia kwenye C:, chagua "Rename", andika MPYA. Kwenye D: andika ZAMANI. Hili linaonekana dogo, lakini kila Windows hujiita C: yenyewe. Ukiwa kwenye ile mpya, SSD ni C: na diski ya zamani ni D:. Kijana wako akiingia ile ya zamani, kwake C: ni diski ya zamani, na SSD yako ndiyo inayogeuka D: au herufi nyingine. Mtu anayeandika kwenye karatasi "futa D:" halafu akawasha Windows isiyo sahihi, anafuta mitihani yake kwa mkono wake. Jina uliloandika hukaa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo utalikuta lilelile uingie upande wowote.

Sasa tuone uko wapi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, ingia kichupo cha "Boot". Utaona mistari miwili inayofanana, lakini mmoja utakuwa umeandikwa "Current OS" na "Default OS". Huo ndio unaoutumia sasa na ndio unaoingia wenyewe usipochagua. Hapohapo kuna kitufe cha "Delete", na watu wengi hudhani ndicho dawa. Kitufe hicho hufuta mstari kwenye orodha, basi. Hakifuti Windows yenyewe, hakirudishi hata megabaiti moja ya nafasi, na hakihamishi mafaili ya kuwashia. Kiache kwa sasa.

Kisha bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, chagua "Disk Management". Chini utaona diski zako zimechorwa kama mistari mirefu, Disk 0 na Disk 1, kila moja imegawanywa partisheni. Soma maneno madogo yaliyoandikwa ndani ya kila partisheni. Inayoitwa "Boot" ndiyo yenye Windows unayoitumia sasa. Inayoitwa "System" ndiyo yenye mafaili ya kuwashia. Ndiyo, majina yamekaa kinyume na akili ya kawaida, na yamewakosesha usingizi mafundi wengi, lakini ndivyo Microsoft walivyoyapanga. Ukiona "System" au "EFI System Partition" iko kwenye diski ya zamani peke yake, na kwenye SSD hakuna, umeshapata jibu: SSD yako haiwezi kusimama peke yake. Angalia pia kama neno "Page File" limeandikwa kwenye D:. Likiwepo, Windows yako mpya inaazima nafasi kwenye diski ya zamani na hilo nalo litabidi lirudishwe C:.

Nasema "umeshapata jibu", lakini mimi siridhiki na maneno ya kwenye kioo. Kuna diski zina partisheni ya kuwashia ambayo haina kitu ndani, na kuna kompyuta zenye partisheni mbili za namna hiyo, hujui ipi inafanya kazi. Kipimo cha kuaminika ni bisibisi.

Zima kompyuta huku umeshikilia Shift unapobonyeza "Shut down". Bila Shift, Windows 10 mara nyingi haizimi kabisa. Hulala nusu ili kesho iwake haraka, na hali hiyo ndiyo inayosababisha wakati mwingine ukihama kutoka Windows moja kwenda nyingine inakaa ikikagua diski kwa dakika nyingi kabla ya kuwaka. Ikishazimika chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe, fungua ubavu wa kasha. Diski ya zamani ina waya mbili: mmoja mpana wa umeme, mwingine mwembamba wa data unaokwenda kwenye mazabodi. Chomoa ule mwembamba tu, upande wa diski. Usiguse wa SSD. Funga, washa.

Ikiwaka na kuingia Windows mpya moja kwa moja, SSD inajitosheleza na kazi yako imekuwa nyepesi. Ikiandika kwamba hakuna diski ya kuwakia, usiogope, hujaharibu kitu. Kwanza bonyeza F12 wakati nembo ya Dell inatokea, uone kama SSD ipo kwenye orodha na inakubali kuwaka ukiichagua. Wakati mwingine ni mpangilio tu wa diski ipi itangulie. Ikikataa, zima, rudisha waya, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa jana. Hiyo ndiyo raha ya kuchomoa kwanza. Kufuta hakuna kurudisha waya.

Tuseme imekataa, maana kwa maelezo yako nategemea itakataa. Inabidi SSD iandikiwe mafaili yake yenyewe. Diski zote zikiwa zimechomekwa, ingia Windows mpya, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa "BIOS Mode". Utaandikwa "Legacy", yaani njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, au "UEFI", yaani njia mpya. Kompyuta nyingi za mtumba za aina yako nimezikuta bado ziko Legacy, lakini usikisie, soma. Kabla hujaendelea hakikisha pia kwamba diski hazijafungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski. Kama zimefungwa, toa kwanza ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 na uandike kwenye karatasi.

Kwenye Legacy kazi ni fupi. Rudi Disk Management, bonyeza kulia kwenye C:, chagua "Mark Partition as Active". Kisha fungua Command Prompt kwa "Run as administrator" na uandike:

bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS

Ikijibu kwamba mafaili yametengenezwa vizuri, basi. Zima, chomoa tena waya wa diski ya zamani, jaribu.

Kwenye UEFI kuna hatua ya ziada, kwa sababu SSD inahitaji partisheni yake ndogo ya FAT32. Hapa utatumia diskpart, programu ya kugawa diski kwa amri, unayoifungua kwa kuandika jina lake kwenye Command Prompt ileile ya "Run as administrator", na diskpart haiulizi "una uhakika?" Andika "list disk" kwanza, tambua SSD yako kwa ukubwa wake, maana ya GB 240 huonekana kama 223 hivi na ya GB 500 kama 465. Ichague kwa "select disk" na namba yake, andika "list partition", chagua ile kubwa yenye Windows, kisha hizi moja baada ya nyingine:

shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32 label=System
assign letter=S
exit

Baada ya hapo, nje ya diskpart:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Kama neno "clean" limo kwenye maelekezo yoyote uliyoyapata YouTube, hilo usiliandike kamwe. Linafuta diski nzima kwa sekunde. Na kabla ya kuanza hatua hii hakikisha umeme upo wa kutosha, pamoja na uniti za LUKU, kwa sababu kukatika katikati ya kupunguza partisheni ni balaa lisilo na msaada wa simu. Kama moyo unasita, mpe fundi ukurasa huu na ukae pembeni yake. Hatua hii peke yake ndiyo ninayoona inafaa kulipia.

Faida moja utakayoipenda: bcdboot hutengeneza orodha mpya yenye Windows moja tu. Kwa hiyo diski ya zamani ikiwa haipo, kile kioo cha bluu nacho hakitokei tena. Kama kwenye jaribio la kwanza SSD iliwaka yenyewe bila msaada, basi hapo ndipo unaporudi msconfig na kufuta ule mstari wa pili kwa "Delete".

Sasa mali zako. Watu hunakili "Documents" na "Pictures" wakadhani wamemaliza, na wiki mbili baadaye ndipo wanakumbuka. Ukiwa Windows mpya, fungua D:\Users. Ndani yake kuna folda yenye jina ulilokuwa unalitumia zamani. Ukiibonyeza itakuambia huna ruhusa. Bonyeza "Continue" na usubiri, inaweza kuchukua dakika kadhaa diski ikiwa polepole. Humo kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos. Desktop usiisahau, mwalimu, kwa sababu nijuavyo mimi mitihani ya nchi hii nusu yake inaishi kwenye Desktop. Nakili folda nzima, usichague faili mojamoja, uiweke kwenye diski ya nje. Ukimaliza, bonyeza kulia kwenye folda ya asili na kwenye nakala, chagua "Properties", linganisha idadi ya mafaili. Kisha fungua nyaraka chache na picha chache kutoka kwenye nakala, hasa za zamani kabisa.

Kuna vitu ambavyo kunakili hakusaidii. Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome ya zamani zimefungwa kwa akaunti ya Windows ya zamani. Ukihamisha folda yake kwenda Windows mpya hazitafunguka. Hizo zitoe ukiwa umeingia Windows ya zamani yenyewe, ama kwa kuwasha usawazishaji wa akaunti yako ya Google, ama kwa kuziandika kwenye faili la CSV kupitia mipangilio ya nywila. Faili hilo linasomeka na yeyote, kwa hiyo likishaingizwa upande wa pili lifute, halafu futa na kwenye kapu. Programu nazo hazihami kwa kunakili. Ingia Windows ya zamani, fungua orodha ya programu, ipige picha kwa simu. Ukikuta ipo yenye leseni uliyoinunua, angalia kama ina sehemu ya kuiondoa leseni kwenye kompyuta hii kabla haijapotea.

Leseni ya Windows yenyewe isikupe presha. Kwenye Windows 10 uthibitisho wa kidijitali huambatana na mazabodi, hauhesabu umeisakinisha mara ngapi kwenye kompyuta hiyohiyo. Kufuta ya zamani hakuizimi mpya.

Jambo jingine ambalo mafundi hufanya kwa nia njema: wanaelekeza folda ya Documents ya Windows mpya ikae kwenye D:, ili SSD isijae. Bonyeza kulia kwenye Documents, ingia "Properties", kisha "Location". Ikionyesha njia inayoanza na D:, basi kazi zako za leo, siyo za zamani tu, ziko kwenye diski unayotaka kuifuta. Fanya hivyohivyo kwa Pictures na Downloads.

Na kijana. Usimfanyie jambo hili akiwa shuleni. Michezo mingi huhifadhi alipofikia mchezaji ndani ya folda yake ya Documents au ndani ya AppData, ambayo imefichwa. Mwambie awashe "Hidden items" kwenye kichupo cha "View" na anakili mwenyewe anachokitaka. Nilishaona ugomvi wa nyumbani uliotokana na faili moja la mchezo wa mpira. Isitoshe yeye ndiye anayejua kama kuna kitu cha shule alichokiacha upande ule.

Hapa niseme neno kuhusu kwa nini ile ya zamani isibaki hata kama nafasi ingekuwapo. Windows isiyofunguliwa mara kwa mara haipati masasisho wala antivairasi yake haisasishwi, na kijana anaiingia mara mojamoja kupakua michezo. Virusi akiviokota huko vinaona SSD yako yote, maana diski zote mbili ziko wazi kwa upande wowote unaoingia. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo OptiPlex nyingi za mtumba haziipokei rasmi. Microsoft wametoa mpango wa masasisho ya ziada kwa watu wa majumbani hadi 13 Oktoba 2026. Iandikishe kwenye mpango huo ile Windows moja utakayobakiza. Kuzihudumia mbili ni kazi bure.

Ukishanakili, usiforomati siku hiyohiyo. Chomoa diski ya zamani, uishi bila yake majuma mawili au zaidi, ufanye kazi zako zote za kawaida: uchapishe mtihani, ufungue barua pepe, ujaze matokeo. Printa ikigoma, sakinisha dreva yake upya. Faili ukilikumbuka, diski bado ipo, unaichomeka unalichukua.

Muda huo ukipita kimya, irudishe, ingia Disk Management, na kwenye Disk yenye jina ZAMANI bonyeza kulia kwenye partisheni kubwa, chagua "Format", NTFS. Usihangaike na kufuta folda ya Windows peke yake kwa kujipa umiliki wa mafaili. Inawezekana, lakini ni kazi ya saa nyingi na huacha masalia kila kona. Partisheni ndogo za mbele na nyuma, kama ile ya MB 100 au ya urejeshaji, ziache tu kama huna haja na megabaiti zake. Kabla ya kuirudishia picha, ikague afya kwa programu kama CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Ikionyesha rangi ya njano na neno "Caution", usiiamini kwa picha za familia. Iwe ya michezo tu.

Kama kuna msomaji mwingine ambaye hana diski mbili bali ameona folda iitwayo Windows.old ndani ya C:, huyo hana Windows mbili. Hayo ni mabaki ya kupandisha toleo, na huondolewa kwa "Disk Cleanup", sehemu ya "Clean up system files", kwa kuweka alama kwenye "Previous Windows installations". Na mwenye Linux pembeni ya Windows asifute partisheni ya Linux kabla ya kurudisha mafaili ya kuwashia ya Windows, la sivyo anaweza kukutana na kioo cheusi kilichoandikwa "grub rescue".

Mwisho, Mwalimu, mfungulie kijana akaunti yake ndani ya Windows mpya, iwe "Standard user" na siyo "Administrator", yako uiwekee nywila. Michezo mizito aisakinishe kwenye diski ya zamani ikishaforomatiwa. GB 240 zako zitapumua.